Ploti ya Gathoni

Saa tisa usiku friji ya maabara inakohoa
nami nimeinamia hadubini,
jicho moja kwao, jicho moja mlangoni.
Nje, Kariobangi imelalia ubavu mmoja;
mtu anasukuma mkokoteni wa taka, gurudumu linalia.

Sijawahi kuwachukia, nasema kweli.
Miaka kumi na mmoja nawapaka rangi,
nawaosha kwa spiriti, nawaosha kwa maji,
nao wananijia wamevaa:
wa nimonia wawili wawili, zambarau,
kama njugu pacha za ganda moja;
wa majipu vichala vichala, zabibu nisizotamani;
wa kifua kikuu vijiti vyekundu juu ya buluu,
wavivu, wenye subira,
hukaa ndani ya mtu miaka kumi
wakingoja siku atakayokosa kula.
Na yule wa kipindupindu, amepinda kama alama ya koma.
Koma, lakini hakomi.

Mmoja huwa wawili kwa dakika ishirini.
Sahau mchuzi mezani saa kumi na mbili jioni;
kufikia taarifa ya habari ya saa tatu
yule mmoja amekuwa mia tano na kumi na wawili.
Wesonga hucheka: "Syombua, hawa wangepewa kura
tungekuwa tunawaita waheshimiwa."

Leo nina sahani tatu.
Kemunto, miaka sita, homa siku ya tisa.
Njeru, muuza mayai, kichwa na tumbo.
Lokidor, mlinzi, aliletwa na wenzake
akibishana na ukuta.
Vijiti vya waridi, vyenye mikia, waogeleaji.
Homa ya matumbo, wote watatu.

Jana niliwapangia vikaratasi, kila kimoja na dawa yake.
Dawa inayoweza kazi huchora duara tupu kando yake,
kama uwanja uliofagiliwa mbele ya mlango wa mtu msafi.
Natafuta duara.
Cha kwanza, hakuna.
Cha pili, hakuna: wameota hadi ukingoni
kama mabati yanavyoota hadi ukingoni mwa reli.
Hii ndiyo ile ya shilingi kumi kumi,
kidonge cha rangi mbili, tunachonunua bila kuandikiwa;
tunameza siku mbili, homa ikipoa
vilivyobaki tunamwekea jirani.
Sisi tunaita ukarimu.
Wao wanaita shule.

Cha tano, ndiyo. Duara jembamba, pete ya mtoto.
Naandika. Napiga simu wodini,
nawataja watatu, nataja dawa, narudia jina lake mara mbili.

Ndipo jicho likateleza hadi pale fomu inapouliza makazi,
pale nisiposoma, maana hadubini haiulizi mtu anakaa wapi.
Kemunto: Ploti ya Gathoni, ghorofa ya pili.
Njeru: Ploti ya Gathoni, chini, kando ya ngazi.
Lokidor: Ploti ya Gathoni, getini.

Kemunto. Kumbe ndilo jina lake.
Sisi humwita Kadogo,
yule anayenipokea mfuko wa sukuma
na kuhesabu ngazi kwa sauti, akiruka kumi na tatu.
Mimi ni ghorofa ya nne, mlango wa kijani.

Naliona tangi letu jeusi juu ya paa.
Naliona bomba linalolijaza, lilivyopita ndani ya mtaro,
pale lilipopasuka likafungwa kwa mpira wa baiskeli,
nasi tukamshukuru fundi, tukachanga soda.

Mkobani mwangu kuna chupa ya maji, imebaki nusu.
Niliijaza jana bombani bila kuchemsha,
kwa kuwa gesi ilikuwa imeisha
na mimi ni mtaalamu.

Friji inakohoa.
Nachukua sahani ya nne, nadondosha tone,
naifunika, naiweka kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu.
Kwenye kibandiko, mahali pa jina,
kalamu inasita kidogo, kisha inaandika langu.